Mabati Bila Kromati

  

Jioni hii nataka tuzungumzie bati. Bati hili hili la kuezekea, ambalo wengi wetu tumelala chini yake tangu utotoni. Nianze na swali. Umewahi kununua bando la mabati mapya, ukalifungua siku ya kuezeka, ukakuta ndani yake pana ungaunga mweupe? Bati la juu linang'aa vizuri. La chini nalo linang'aa. Lakini ukiyatenganisha ya katikati unakuta mabaka meupe yametapakaa, na fundi akikwangua kwa ukucha linatoka vumbi. Hapo maneno huanza. Mwenye nyumba anasema ameuziwa feki, mwenye duka anaapa kwamba mzigo ni halali, na fundi yuko juu ya kenchi anasubiri.

Ugonjwa huo wa bati unaitwa kutu nyeupe. Kwa ajili ya kuuzuia, viwanda vingi duniani vilizoea kuyapitisha mabati mapya katika dawa iitwayo kromati. Dawa hiyo inafanya kazi, tena vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba ni sumu. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: je, bado tunaihitaji? Jibu langu nalitoa mapema, halafu nitaeleza. Hatuihitaji. Njia nyingine zipo, na mojawapo iliyo nzuri kuliko zote haitaki hata maabara.

Tuanze mwanzo. Bati la kuezekea ni chuma chembamba. Chuma kikiachwa uchi kwenye mvua huliwa na kutu nyekundu. Mwaka 1837 Mfaransa mmoja, Stanislas Sorel, alipata hataza ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Hadi leo kanuni ni ileile: chuma kinasafishwa, kinazamishwa katika zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, kinatoka kimevaa ngozi ya zinki pande zote. Zinki hiyo inakifunika chuma, hilo la kwanza. La pili, hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo jirani huliwa kwanza badala ya chuma. Inajitoa mhanga.

Na zinki yenyewe inakingwa na nani? Inajikinga. Bati likiwa juu ya paa linapata mvua, jua na upepo. Zinki inashikana na hewa na unyevu, kisha gesi ya kabonidayoksaidi iliyomo hewani inaigeuza ngozi yake ya juu kuwa kabonati, utando mgumu wa kijivu ulioshikamana vizuri. Ndiyo maana bati jipya hung'aa mpaka likaumiza macho, na baada ya muda likafubaa. Watu wengi hudhani kule kufubaa ni kuchakaa. Sivyo, msikilizaji. Hapo bati linajijengea kinga yake.

Sasa yachukue mabati hayo hayo mapya, yafunge bando, yapakie kwenye lori kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, au kutoka Mombasa kwenda Kampala. Turubai lina tundu. Mvua inanyesha njiani. Maji yakiingia katikati ya bati na bati hayatoki kirahisi. Pale hapana upepo, kabonidayoksaidi haifiki ya kutosha, kwa hiyo ule utando wa kijivu haujengeki. Zinki inaendelea kuliwa tu na kutoa ungaunga usioshika. Wala si lazima mvua inyeshe. Mabati yakipoa usiku, asubuhi hewa ya joto na unyevu ya Pwani ikiyakuta, yanatoa jasho lake yenyewe, na jasho hilo linabaki humo ndani ya bando.

Hapo ndipo kromati ilipoingia. Katika miaka ya 1930, kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilibuni njia ya kuchovya zinki kwa sekunde chache katika mchanganyiko wa daikromati ya sodiamu na asidi ya salfuriki. Zinki inatoka na utando mwembamba mno, na utando huo unaizuia isiliwe ikiwa imelowa. Kutu nyeupe ikachelewa sana. Wenye viwanda wakafurahi, na njia hiyo ikaenea duniani kote.

Naomba hapa unisikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Kwenye bati la kuezekea, utando wa kromati ni kinga ya safari na ghala. Ni sawa na ile nailoni ya godoro jipya: inalikinga na vumbi hadi lifike nyumbani, lakini hakuna anayetegemea imtunze mlalaji miaka 20. Juu ya paa, mvua na jua huimaliza kromati taratibu, na kazi ya miaka yote inayofuata ni ya zinki. Nasema tena: kazi ya miaka ni ya zinki, kazi ya kromati ni ya muda mfupi. Basi tujiulize, kwa kazi hiyo ya muda mfupi tunalipa nini?

Kromiamu ni metali ambayo, kwa mazungumzo yetu, ina sura mbili. Wakemia huzitofautisha kwa valensi, tatu na sita. Sisi hapa redioni tuziite kromiamu tatu na kromiamu sita. Kromiamu tatu ndiyo inayotumika sana katika viwanda vya ngozi, zile ngozi za viatu na mikoba. Haiyeyuki kirahisi, na seli za mwili haziipokei kirahisi. Kromiamu sita ndiyo iliyomo katika kromati. Hiyo huyeyuka katika maji, na umbo lake linafanana na salfeti, kitu ambacho seli zetu hukihitaji. Seli inaifungulia mlango kwa kudhani ni salfeti. Ikishaingia, inabadilika humo humo ndani na kujeruhi vinasaba. Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kromiamu sita katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wanaoumia zaidi ni wanaovuta mvuke na vumbi lake kazini, na kinachoumia zaidi ni mapafu.

Wafanyakazi waliyajua madhara yake kabla ya vitabu. Huko Rutherglen, karibu na Glasgow, Uskoti, palikuwa na kiwanda cha kromati kilichoitwa Shawfield. Watu waliofanya kazi mle walipata vidonda vinavyochimba ngozi hadi chini, na wengi walitoboka ule ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Fikiria hilo: mtu anakwenda kutafuta riziki, anarudi pua imetoboka kwa ndani. Mwaka 1899 Keir Hardie, mwanasiasa aliyewatetea wafanyakazi wa Uingereza, alichapisha kijitabu cha kufichua hali yao. Kiwanda kile kilifungwa zamani. Lakini taka zake zilifukiwa ardhini, na miaka ya karibuni kijito cha Polmadie, katika eneo hilo, kimeonekana kikipita na maji ya rangi ya kijani kali. Waliozifukia hawapo tena. Kromiamu ipo.

Pengine umesikia pia habari za Hinkley, mji mdogo katika jimbo la California. Kampuni ya PG&E ilitumia kromiamu sita katika minara ya kupozea ya kituo chake cha gesi kuanzia mwaka 1952 hadi 1966, na maji machafu yakamwagwa kwenye mabwawa yasiyosakafiwa. Yakazama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, ambayo watu waliyategemea kwa visima. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kuwalipa wakazi dola milioni 333. Na unajua ile kromiamu waliitia ya nini? Ya kuzuia kutu.

Nasi Afrika Mashariki tunajua jinsi taka ya kiwanda inavyovuka ukuta. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walipambana miaka mingi na sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ile ilikuwa risasi, si kromiamu. Lakini aliyeishi jirani na kiwanda kile hahitaji kuelezwa na mimi kwa nini nalizungumzia jambo hili mapema.

Sasa usije ukatoka hapo ulipo ukaanza kuliogopa paa lako. Kiasi cha kromati kilichomo juu ya bati moja ni kidogo sana. Kama unavuna maji ya mvua, na wengi wetu tunavuna, fanya yale mafundi wa maji wanayoshauri siku zote: paa likiwa jipya, maji ya mvua za mwanzo yaache yamwagike, usiyaelekeze kwenye tenki la kunywa. Hofu yangu kubwa haiko juu ya paa. Iko kwa kijana anayesimama kando ya tanki la kuchovyea, mikono imelowa, hana glavu wala barakoa. Iko kwenye mfereji unaopokea maji ya kusuuzia kutoka karakana isiyo na mtambo wa kuyatibu. Maji hayo yana rangi ya njano. Anayejua kazi huyatia asidi na salfeti ya chuma, njano inageuka kijani, maana kromiamu sita imekuwa tatu. Kisha anatia chokaa, na tope linatuama chini, linakusanywa na kuhifadhiwa. Asiyejua, au asiyejali, anafungulia bomba.

Kwa aliyejiunga nasi sasa hivi, tunazungumzia kromati, dawa ya kuzuia kutu nyeupe kwenye mabati mapya. Tumesema inafanya kazi vizuri, tumesema ni sumu, na tumesema kazi yake kwenye bati la kuezekea ni ya safari na ghala tu. Sasa twende kwenye mbadala.

Kwanza tuitendee haki kromati, maana wanaoitetea wana hoja. Ukikwaruza bati lililopakwa kromati, kromiamu sita iliyobaki pembeni huyeyuka katika unyevu, husogea hadi kwenye mkwaruzo, na kuuziba. Utando unajitibu wenyewe. Tabia hiyo ndiyo iliyowasumbua watafiti miaka mingi, kwa sababu dawa nyingi salama zinaweza kufunika lakini haziwezi kutembea. Lakini hebu tazama, kinachoifanya isogee ni kule kuyeyuka kwake, na kule kuyeyuka ndiko kunakoifikisha kisimani.

Mbadala uliosambaa zaidi ni kromiamu tatu yenyewe. Ni ndugu wa ile sumu, lakini asiye na makali yake. Viwanda vya nati, boliti na skrubu vimehamia huko kwa wingi, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuwabana watengenezaji wa magari kwa sheria ya mwaka 2000, kisha wa vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi utaona skrubu za njano zenye mng'ao wa rangirangi. Kwa kawaida njano ile ilikuwa alama ya kromiamu sita. Siku hizi si alama ya kuaminika, kwa sababu kromiamu tatu nayo inaweza kutiwa rangi ya njano. Kipimo kipo: tone la kemikali iitwayo difenilikabazidi huwekwa juu ya chuma, na penye kromiamu sita linageuka zambarau. Ni kipimo chepesi, na maabara zetu za viwango zinaweza kukifanya.

Mbadala wa pili ni zirkoniamu na titaniamu. Bati linapitishwa katika maji yenye chumvi za metali hizo, linajifunga utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Huu unafaa hasa kwa mabati yatakayopakwa rangi, kwa sababu rangi inaushika vizuri. Na hapa niwaambie wapenzi wa mabati ya rangi: msidhani haya hayawahusu ninyi. Rangi ya kwanza ya chini, ile praima, kwa miaka mingi imetengenezwa kwa kromati ya strontiamu. Wekundu au ubuluu wa juu haukuelezi kilicho chini yake.

Zipo pia silani, ambazo upande mmoja hushikana na metali na upande wa pili hushikana na rangi. Zipo resini za akriliki, utando kama vanishi usio na rangi, ambao unayafaa mabati ya zinki na alumini yanayouzwa bila kupakwa rangi. Zipo fosfati, za zamani na zinazojulikana. Hizo sitazikalia sana.

Nataka nikalie mbili ambazo zina mizizi kwetu. Ya kwanza ni seriamu, mojawapo ya yale madini yanayoitwa madini adimu. Watafiti wa Australia walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba chumvi za seriamu zinaweza kupunguza kuliwa kwa alumini na zinki. Sasa, Tanzania tuna Ngualla, mkoani Songwe, mlima wenye hazina kubwa ya madini hayo. Wawekezaji wanachotafuta pale hasa ni neodimiamu na praseodimiamu, za kutengenezea sumaku za mota za umeme. Lakini seriamu hutoka pamoja nazo, na kwa wingi kuliko zote, na bei yake huwa ndogo. Kwa nini vyuo vyetu vya uhandisi visiichukue seriamu hiyo na kuijaribu juu ya bati letu, katika chumvi ya bahari yetu?

Ya pili ni tanini, ile inayokamuliwa kwenye magome ya miwati. Wasikilizaji wa Njombe mnanielewa. Miwati imepandwa nyanda za juu tangu enzi za ukoloni, na tanini yake imekuwa ikiuzwa kwa watengeneza ngozi. Tanini hushikana na chuma na kufanya utando mweusi, ndiyo maana imo katika dawa nyingi za kutuliza kutu. Juu ya zinki pia imefanyiwa majaribio, ikionyesha kusaidia, hasa chini ya rangi. Peke yake haifikii kromati, nakiri. Ikichanganywa na wenzake inaweza kufaa, na mimi ningefurahi kuona fedha za utafiti zikienda Njombe kabla ya kwenda kununua dawa ya madumu kutoka nje.

Hakuna mbadala mmoja utakaofanya kila kazi ambayo kromati iliifanya. Bati la kupakwa rangi lina dawa yake, boliti ina yake, bati la kawaida lina yake. Anayesubiri dawa moja ya kila kitu atasubiri sana.

Lakini niliahidi kuwatajia njia nzuri kuliko zote. Je, unaikumbuka ile nailoni ya godoro? Kama safari ni fupi na kavu, nailoni ina kazi gani? Kutu nyeupe inataka kitu kimoja tu: maji yaliyofungiwa. Ondoa maji, umeondoa kutu. Mabati yasilazwe chini kwenye udongo. Yawekwe juu ya mbao. Yasilazwe bapa, upande mmoja uinuliwe ili maji yakiingia yatiririke. Yawe chini ya paa, na turubai lisibane pande zote hadi jasho likakosa pa kutokea. Bando likilowa njiani, lifunguliwe siku hiyo hiyo, kila bati liegemezwe peke yake likauke. Na kiwanda kinaweza kupaka mafuta mepesi badala ya kromati, ikiwa kinajua mzigo hautakaa miezi bandarini. Naona bado maduka yanapanga mabati barabarani yakinyeshewa, halafu mnunuzi anaambiwa bati la siku hizi halina ubora. Bati halina kosa pale.

Na ukikuta kutu nyeupe nyepesi, usitupe mzigo. Lisugue bati kwa brashi ngumu ya nailoni, si ya chuma, lioshe kwa maji safi, likaushe. Kama chini bado pana zinki isiyo na mabaka meusi wala mekundu, bati hilo litaezekwa na litadumu.

Nigeukie sasa wenye mamlaka. Serikali zetu ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mabati, kwa madarasa, zahanati na nyumba za walimu. Kwenye zabuni huandikwa geji, huandikwa urefu, huandikwa rangi. Iongezwe sentensi moja: bati, skrubu na praima visiwe na kromiamu sita. Sentensi hiyo ikiwa kwenye zabuni ya madarasa ya nchi nzima, kiwanda kitabadilika haraka kuliko kwa semina kumi. Wakaguzi wa usalama kazini nao waingie kwenye karakana ndogo za kupaka zinki, si viwanda vikubwa tu, wakatazame mikono ya vijana na mfereji wa nyuma.

Na wewe msikilizaji, unayejenga au utakayejenga, siku ukienda dukani usiulize bei na geji tu. Muulize mwenye duka: mabati haya yamepakwa dawa gani dhidi ya kutu nyeupe, nayo yalihifadhiwa wapi? Asipojua, mwombe aulize kiwandani. Akiulizwa na wateja wa kutosha, ataulizia.